Kutoka Rongai Hadi Mvita: Ushauri kwa Anayekwenda Mombasa Mara ya Kwanza

Mombasa ni kisiwa. Jambo hilo huwashangaza wageni wengi kutoka bara, kwa sababu barabara na reli huvuka maji pale Makupa bila msafiri kutambua kwamba ameiacha nchi kavu nyuma yake. Kisiwa chenyewe ni kidogo, nacho kina bandari mbili. Upande wa mashariki iko bandari ya kale, ambako majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalitia nanga kwa karne nyingi. Upande wa magharibi iko Kilindini, penye kina kirefu kama jina linavyosema, na huko ndiko meli za makontena hufunga gati leo.

Malori mengi yanayolala Salgaa usiku yakielekea Malaba yamepakiwa Kilindini. Reli ya zamani inayopita stesheni ya Rongai, Nakuru, kwenda Eldoret ni mkono wa reli ileile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nakuru mwaka 1900. Mtu wa Rongai, basi, ameishi na Mombasa ikipita mlangoni pake kila siku. Lakini anapopata nafasi ya kwenda huko, mara nyingi hufikia hoteli ya ufuoni, hucheza na mawimbi siku tatu, hununua korosho na kurudi. Mji wenyewe hakuuona.

Familia, vyama vya akina mama, vikundi vya kanisa na walimu wa Rongai, Kampi ya Moto na Salgaa huuliza swali lilelile: zaidi ya bahari, kuna nini cha kuona, na mgeni atafanyaje asipotee wala kudanganywa? Jibu fupi ni kwamba siku moja na nusu za kwanza zitumike Mji wa Kale, kwa miguu, asubuhi na jioni, na ufuo ungoje. Atakayeanza na ufuo hatarudi mjini. Jua litakuwa limemchosha na pesa zitakuwa zimepungua. Maelezo yanayofuata yanafuata mpangilio huo, kuanzia siku ya kukata tiketi.

Wakati wa kwenda

Rongai iko juu, na hata Januari mtu huvaa sweta jioni. Mombasa iko usawa wa bahari na joto lake lina unyevu unaoganda mwilini. Upepo wa kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na ndio msimu wa joto kali. Ndio pia upepo ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi hugeuka kuanzia Aprili, huleta masika ambayo kilele chake huwa Mei, kisha hubaki na hewa ya wastani hadi Septemba.

Kwa mtu wa nyanda za juu, miezi bora ni kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba. Agosti ina faida ya ziada ya likizo ya shule. Desemba ndiyo mbaya kuliko miezi yote kwa msongamano: tiketi huisha mapema, vyumba hupanda bei, na vichochoro vya Mji wa Kale hujaa watu waliochoka.

Mwezi wa Ramadhani huanza mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda iangaliwe. Si kosa kwenda wakati huo, na jioni za Ramadhani Mombasa zina uhai na vyakula visivyopatikana miezi mingine. Ila mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na kula au kunywa njiani mbele ya watu waliofunga ni utovu wa adabu. Anayesafiri na watoto wadogo achague mwezi mwingine.

Njia za kufika

Treni ya SGR, inayojulikana kama Madaraka Express, ilianza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, lakini haijafika Nakuru. Msafiri wa Rongai ni lazima kwanza afike Nairobi, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika. Rongai hadi mjini Nakuru ni matatu moja. Nakuru hadi Nairobi ni takriban kilomita 160, ambazo siku nzuri huchukua saa tatu na siku mbaya, malori yakishikana Gilgil au Kinungi, huchukua tano. Kisha kuna kutoka katikati ya Nairobi hadi stesheni ya Syokimau, nje kabisa ya mji, karibu na barabara ya Mombasa.

Kwa kawaida treni huwa na safari za asubuhi, alasiri na usiku, na ratiba ithibitishwe wakati wa kukata tiketi. Uchaguzi kwa mtu wa Rongai ni huu:

- Treni ya asubuhi haiwezekani bila kulala Nairobi. Kwa mwenye ndugu huko, hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote, kwa kuwa mchana kutwa msafiri huona Tsavo dirishani, na mara nyingi ndovu wekundu kwa vumbi.
- Treni ya alasiri inawezekana ikiwa safari itaanza Rongai alfajiri, saa kumi na moja au kabla. Kuondoka saa mbili asubuhi ni kucheza bahati nasibu.
- Treni ya usiku hufika Mombasa usiku wa manane, stesheni iko Miritini, mbali na mji. Mtu mzima mmoja aliyezoea safari ataweza. Mama mwenye watoto watatu na mizigo asiichague.

Tiketi hulipiwa kwa simu, kwa kupiga *639# au kupitia tovuti ya shirika la reli, na jina na namba ya kitambulisho lazima vilingane na vya msafiri. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na ya daraja la kwanza 4,500 kwa safari ya moja kwa moja. Tiketi ya kurudi ikatwe siku ileile ya kukata ya kwenda. Wengi hukwama Mombasa siku mbili zaidi, pesa zimeisha, kwa sababu walikumbuka kwenda wakasahau kurudi. Stesheni pia kuna ukaguzi mrefu wa mizigo, na anayefika nusu saa kabla ya treni kuondoka anaweza kuachwa. Visu, hata kile cha kukatia nanasi njiani, na mitungi ya gesi havipiti.

Njia ya pili ni basi la usiku kutoka Nakuru moja kwa moja. Halihitaji kubadilisha gari, huteremsha abiria Mwembe Tayari katikati ya kisiwa alfajiri, na kutoka hapo Mji wa Kale ni mwendo wa tuk-tuk dakika chache. Ubaya wake ni usingizi wa kukaa na barabara yenye malori usiku kucha. Waliojaribu wanajua kwamba siku ya kwanza hupotea kwa kulala.

Kuhusu basi la shule, walimu waelewe jambo moja: magari ya shule hayaruhusiwi kusafiri usiku. Safari ya kutoka Rongai hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 650, haimaliziki mchana mmoja kwa usalama. Shule ipange kulala njiani, Nairobi au Voi, au iwapeleke wanafunzi kwa treni baada ya kufika Nairobi.

Mizigo na afya

Nguo za pamba, nyepesi, zinazofunika mabega na magoti. Kofia. Viatu vya wazi vinavyofunga vizuri, kwa kuwa mawe ya Mji wa Kale huteleza. Leso moja kwa kila mwanamke, iwe pembeni wakati wote. Sweta moja ya safari inatosha, jaketi zibaki Rongai.

Malaria ipewe uzito wake. Watu wa nyanda za juu hawana kinga ya mwili dhidi yake kama wenyeji wa Pwani, na mtoto wa Rongai anaweza kuugua vibaya kwa kuumwa na mbu ambao hawamsumbui sana mwenzake wa Kisauni. Kabla ya safari familia imwone daktari au mfamasia aseme kama dawa ya kinga inafaa, hasa kwa mjamzito na watoto chini ya miaka mitano. Chumba kisicho na neti kikataliwe. Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi ipimwe mara moja, na daktari wa Rongai au Nakuru aambiwe bila kuulizwa kwamba mgonjwa ametoka Mombasa.

Maji ya bomba na ya visima vya kisiwani mara nyingi yana chumvi. Yanafaa kuogea, ya kunywa yanunuliwe. Wazee na wenye shinikizo la damu wasingoje kiu.

Asubuhi ya kwanza: Ngome

Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngome, hufunguliwa saa mbili asubuhi. Mgeni awe mlangoni saa hiyohiyo. Kufikia saa tano jua huwa limeshapasha mawe ya matumbawe na uwanja wa ndani hauna kivuli cha kutosha. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini sharti aonyeshe kitambulisho, na malipo ni kwa simu. Shule ije na barua ya mwalimu mkuu na orodha ya wanafunzi.

Kinachowaangusha wengi ndani ya Ngome ni kutembea haraka kwa kuwa hawajui wanachokitazama. Historia kidogo kabla ya kuingia huifungua:

Wareno walifika Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakapokewa kwa uhasama, wakaenda Malindi. Mji wenyewe ulikuwa mkongwe tayari. Ibn Battuta alikuwa ameutembelea mwaka 1331, zaidi ya karne moja na nusu kabla yao. Wareno walirudi wakauteketeza mwaka 1505, na tena mwaka 1528. Kati ya 1593 na 1596 walijenga ngome kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, nayo kwa juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Mwaka 1631 sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliwageukia na kuiteka, lakini mwaka uliofuata aliiacha. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, na mzingiro huo uliendelea karibu miezi 33, hadi Desemba 1698. Ndani ya kuta watu walikufa zaidi kwa tauni na njaa kuliko kwa risasi. Baadaye ilikuwa makao ya magavana wa ukoo wa Mazrui, Sultan Seyyid Said akaichukua mwaka 1837, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895, ikawa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kwa ufahamu huo, mambo manne yasipitwe. La kwanza ni vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa na kuzama mbele ya Ngome mwaka 1697. Wazamiaji waliichunguza kati ya 1977 na 1980. La pili ni michoro ya mkaa na rangi iliyochorwa ukutani na Mreno asiyejulikana: meli, samaki, kanisa, watu. Ni mchoro wa mtu aliyekuwa mbali na kwao, na mtoto yeyote huuelewa bila maelezo. La tatu ni Nyumba ya Waomani juu ya mnara wa San Felipe. La nne ni kuta zenyewe. Mgeni aweke kiganja juu ya jiwe na aangalie kwa karibu: ataona vinyweleo, vipande vya kombe na alama za matumbawe yaliyokuwa hai. Asili ya mawe ya Ngome ni bahari.

Mlangoni watakuja vijana wanaojitolea kuongoza wageni. Baadhi yao wanaujua mji vizuri kuliko kitabu chochote, baadhi wanabuni papo hapo. Mgeni aulize kitambulisho cha kazi, akubaliane bei kwa sauti, kwa kikundi kizima si kwa kichwa, na muda wa saa ngapi, kabla ya hatua ya kwanza. Anayesema "utanipa chochote" mwisho wa safari hataridhika na chochote.

Mji wa Kale kwa miguu

Ukitoka Ngome, barabara inayoelekea kaskazini ni Ndia Kuu. Jina hilo ni somo la kwanza la Kimvita, lahaja ya Mombasa au Mvita, kwani "ndia" ni "njia" ya Kiswahili sanifu. Vivyo hivyo kahawa chungu hapa ni kahawa tungu. Mtu wa Rongai aliyefundishwa darasani kwamba kuna Kiswahili kimoja tu atakisikia kingine, cha zamani zaidi, kikizungumzwa na mama anayenunua ndimu.

Barabara hii isitembewe kwa kutazama mbele. Uzuri wake uko juu na pembeni: roshani za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kihindi, na milango. Mlango mmoja ukitazamwa kwa dakika tano utaeleza mengi kuliko milango kumi iliyopigwa picha. Fremu ina mistari ya maua na mizabibu, katikati kuna mhimili wa wima ambao mabawa mawili hufungia, na kizingiti cha juu mara nyingi kimeandikwa aya au tarehe ya Kiislamu. Misumari mikubwa ya shaba ni utamaduni uliotoka India. Mchonga mlango alilipwa kwa fahari ya mwenye nyumba, na ukubwa wa mlango ulitangaza mfuko wake.

Mbele kidogo kuna Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka, unaosemekana kujengwa mwaka 1570. Karibu na maji iko Leven House, iliyopewa jina la meli ya Kiingereza ya HMS Leven iliyofika mwaka 1824, na chini yake ngazi zinazoshuka hadi penye kisima cha maji matamu na njia ya chini ya ardhi inayotokea majini. Mabaharia walichota maji hapo. Kushuka ngazi hizo ndilo jambo ambalo watoto watalikumbuka, kuliko tarehe zote.

Bandari ya kale yenyewe ni eneo la kazi na la ulinzi. Picha haziruhusiwi, na mgeni asiingize simu hata kwa mzaha.

Mzunguko huu ukamilike kabla ya saa sita. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mji hupumzika, na mgeni apumzike pia. Saa kumi alasiri kila kitu hufufuka: vibaraza hujaa, watoto hurudi kutoka madrasa, na viazi karai huanza kutoka karaini.

Adabu za mgeni

Mji wa Kale si maonyesho. Watu wanaishi humo, wanaoga, wanagombana, wanazika maiti wao, na mgeni hupita karibu na dirisha la jikoni la mtu. Hilo likieleweka, sehemu kubwa ya adabu hujileta yenyewe.

Salamu itangulie kila swali. Vijana wa bara hufikiri kwamba shikamoo ni ya darasani, lakini Mombasa mtoto humwamkia mkubwa kwa shikamoo na hujibiwa marahaba bila mtu yeyote kushangaa. "Salaam aleikum" hupokewa vizuri hata kutoka kwa asiye Mwislamu. Mwanamke mzee huitwa mama au bibi, mwanamume mzee huitwa mzee, na fundi au mchuuzi huulizwa hali kabla ya kuulizwa bei.

Mavazi yafunike. Kaptura na blauzi za kamba ni za ufuoni, na mwanamke aliyejikuta hakuvaa vyema atajifunga ile leso. Msikitini mtu asiingie bila kuomba ruhusa, na akiruhusiwa avue viatu. Ijumaa mchana, wakati wa sala, asizunguke misikitini kabisa.

Picha za watu zisipigwe bila idhini, na za wanawake waliovaa buibui zisiombwe hata mara moja. Hili ndilo kosa linaloleta ugomvi zaidi kuliko mengine yote. Picha za feri, daraja la Nyali na vituo vya ulinzi pia hukatazwa.

Chakula

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mchana ni pilau au biriani, au samaki wa kupaka. Jioni ni barabarani: viazi karai, mshikaki, kachri, bateta za rojo, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, hasa pale Mama Ngina, bustani ya pwani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, ambako kuingia ni bure. Mabuyu ya rangi nyekundu ni peremende ya watoto, lakini wafute midomo kabla ya kugusa nguo nyeupe.

Jioni hiyo, mahali fulani karibu na Ngome, atapita muuza kahawa na dele lake la shaba lenye makaa chini, akigonganisha vikombe viwili vidogo visivyo na mikono. Mlio huo husikika kabla ya mwenyewe kuonekana. Kahawa ni tungu, ina tangawizi, na huendana na kashata, tende au halua. Mgeni asiombe maziwa. Akae kwenye kibaraza, anywe vikombe vitatu, na asikilize wazee wakizungumza. Hiyo nusu saa ndiyo itakayomfundisha mji.

Tahadhari ni zile za kawaida: chakula kiliwe kikiwa moto, na juisi ya barabarani iliyowekwa barafu isiyojulikana ilikotoka iachwe.

Ununuzi

Viungo hununuliwa soko la Marikiti, si mlangoni pa Ngome ambako bei ni ya wageni. Mdalasini wa vijiti, iliki nzima na pilipili manga huhifadhika kuliko za unga zilizochanganywa.

Leso hununuliwa barabara ya Biashara. Huuzwa doti moja, vipande viwili vilivyoungana, na lazima zikatwe na kupindwa. Mafundi wako hapohapo na hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kila leso ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mchoro, na hapa wageni wengi hukosea. Wanachagua rangi. Mwanamke wa Pwani husoma jina kwanza, kwa sababu leso huweza kupendeza macho huku maneno yake yakimsuta anayepewa. Anayemnunulia mama mkwe wake aliyeko Rongai leso asome, na asipoelewa amwulize muuzaji: hii anapewa nani?

Wasiwasi unaosikika mara nyingi

*Kwamba mji si salama.* Mchana, katika njia zilizotajwa, mgeni mwenye heshima yuko salama kama yuko Nakuru mjini. Simu isishikwe mkononi ovyo sokoni na kwenye feri, na baada ya saa tatu usiku vichochoro viachiwe wenyeji. Usafiri wa usiku uwe tuk-tuk iliyoitwa na mwenye nyumba ya wageni, bei ikiwa imekubaliwa.

*Kwamba Wakristo hawatakaribishwa.* Mombasa ina makanisa makubwa, mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini, na misikiti, vyote ndani ya kisiwa kimoja, na imezoea watu wa kila dini tangu zamani. Kikundi cha kanisa kutoka bara hakitaulizwa dini bali kitaangaliwa adabu.

*Kwamba watoto watachoka na historia.* Watachoka, ikiwa watapelekwa saa nane mchana. Wakipelekwa saa mbili asubuhi, wakapewa kazi ya kuhesabu mizinga na kutafuta mchoro wa samaki ukutani, hawatachoka.

*Kwamba ni ghali.* Usafiri na malazi ndiyo gharama. Mji wa Kale wenyewe hauna kiingilio isipokuwa Ngome, na chakula cha barabarani ni nafuu kuliko hoteli yoyote ya ufuoni. Siku mbili kisiwani hupunguza gharama ya safari nzima.

Feri na ufuo

Siku ya pili mchana, msafiri akitaka kwenda pwani ya kusini, njia yake ya kawaida ni feri ya Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi. Wenye gari hulipa, na abiria washuke wavuke kwa miguu, breki ya mkono ifungwe na vioo vishushwe. Mwaka 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri na mama na mtoto wake wakafa. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa na mtu asiyejua bahari. Mwenye gari anayetaka kuepuka feri kabisa anaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mtu wa Rongai aliyezoea ziwa hatarajii jambo hilo, na hutembea mbali kwenye mchanga mkavu bila kujua kwamba baada ya saa chache utakuwa chini ya maji. Mwenyeji aulizwe saa za kujaa. Mtoto asiachwe peke yake hata kwenye maji ya magoti, kwa kuwa mkondo wa maji yanayopwa huvuta. Viatu vivaliwe, kwani kombe na miba ya baharini hukata.

Kurudi

Siku ya kuondoka, stesheni ya Miritini iko mbali na mji na foleni ya Makupa na Changamwe haitabiriki. Saa mbili kabla ya treni si mapema mno. Samaki na vyakula vibichi visibebwe, na mfuko wa plastiki usitumike. Umepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Nairobi kuna mtego mmoja wa mwisho. Matatu zinazoitwa za Rongai, namba 125 na 126, huenda Ongata Rongai, Kajiado. Kila mwaka kuna mtu aliyetoka Mombasa usiku, amechoka, akapanda kwa kusikia jina la kwao na kushtuka akiwa amefika mahali asipopajua. Aliyefika Nairobi na safari ni ya Nakuru atamke Nakuru tu, apande gari la Nakuru, na neno Rongai alitumie akishafika stendi ya Nakuru.